Pole za Mama Lucian

Tangu tumzike Baba Lucian, aliyekuwa akipiga picha za pasipoti pale Newala mjini, mjane wake, shangazi yangu Mama Lucian, hataki kusikia pole. Na Newala hii pole haiishi. Muuza dagaa anakupimia huku anakupa pole, na kipimo hakiongezeki hata kidogo. Mtu anatakiwa kujibu "nimeshapoa", basi, maisha yaendelee. Shangazi hajibu. Anageuza uso na kuondoka, watu wanabaki kusema anajisikia.

Kisha akachukua kamera ya marehemu, akaanza kutembea. Bibi, mama yake, akaniteua mimi nimsindikize kila jioni, maana nyumba nzima ni mimi tu nisiye na kazi wala diploma iliyokamilika. "Asije akadondoka huko ukingoni," alisema. Nikidondoka mimi, inaonekana, hakuna hasara.

Jamani, kule si kutembea, ni kukomoana! Tunapita mikoroshoni mpaka ukingoni, nchi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana kule chini. Kila mti anaupiga picha kama mumewe alivyowapiga wateja: katikati, wima, kichwa kisikatwe. Mikorosho yote imekaa kama inaomba kitambulisho cha taifa.

"Shangazi, huu si ule wa jana?"

"Jana ulikuwa haujachanua. Toka, unanizibia mwanga."

"Na kile kichuguu ulichopiga je? Nacho kimechanua?"

"Ndiyo maana chuo kilikushinda. Mdomo!"

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huko anatulia kweli. Nyumbani hali, halali. Huku anaimba puani.

Juzi Jumamosi bibi akachoka. "Kesho akina mama wa jumuiya wanakuja kumpa pole. Akiwageuzia mgongo tena, kamera naifungia sandukuni."

Jioni hiyo Shangazi alitembea kama mfungwa anayehesabu saa zake za mwisho nje. Akateremka korongoni kufuata mti mmoja uliopinda, nami nyuma yake nikilaani viatu vyangu. Tulipokuwa tunapanda kurudi, tukihema kama mbuzi wa mnadani, akatufikia mama mmoja anayetoka chemchemi, ndoo kichwani. Hatumjui, naye hatujui.

"Pole mwenzangu," akasema. "Pole sana."

Nikafumba macho. Tumekwisha.

"Nimeshapoa," Shangazi akajibu. "Pole nawe na ndoo."

"Aa, nimezoea. Mlima huu unaua."

Mama wa watu akapita zake. Shangazi akasimama, mkono mdomoni, kana kwamba limemtoka tusi. Kisha akakaa kwenye jiwe akalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa sauti. Nami, mdomo wangu wote huu, nikatafuta neno jingine la kumpa. Lililokuwepo ni lile lile pole.

Akajifuta kwa kanga, akapuliza vumbi kwenye kamera.

"Kamwambie bibi yako, hao akina mama waje mapema. Nitawajibu. Ila jioni wasinishike, mwanga wa huku ni mzuri."

Maana yake natembea tena kila jioni. Na viatu ndiyo hivi hivi.