Salamu Iliyokosa Jibu

Juzi, huko Kasongo, nilimsalimia fundi wa mbao, akaninyamazia. Aliuvuta msumeno wa umeme kwake, akaushusha, akausukuma taratibu, ubao mpana ukakatika kwa mshazari. Meno yaliposimama kabisa ndipo aliposema, “Jambo, mama. Ikizunguka, sijibu mutu. Kidole haiote tena.”

Nilikasirika, lakini sikumkasirikia yeye.

Zamani, mchana mmoja kule Kabambare, ua wetu ukinuka unga wa mbao za mvule, bibi mzaa mama alimsalimia baba aliyekuwa akikata pembe ya fremu ya mlango kwa msumeno kama huo. Baba kimya. Bibi akajitwika kikapu chake, akarudi kwake Lusangi bila kula. Nikaamini baba anamdharau mkwewe. Kwa nini hakumfuata akamweleza? Tulimzika baba na vidole vyake vyote, na bibi hakuja.