Mlango Uliogongwa Kwenye Jalada la Nyuma

Ofisini mwanamke yule tulimwita Fundi, kwa sababu alikata maneno kama mafundi wa nguo wakatavyo kitambaa. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya jalada la nyuma, yale yanayomfanya mtu dukani akichukue kitabu au akirudishe kwenye rafu. Maneno mia moja na ishirini, hayazidi. Kwa miaka kumi na moja meza yake ilitazamana na yangu, nikazoea kumwona midomo ikicheza bila sauti, penseli sikioni.

Rasimu ya kwanza hakuipeleka kwa mhariri. Aliibeba nyumbani, akamsomea binti yake wakati binti anaosha vyombo. Kila neno lililomfanya mtoto yule ashushe pumzi au atazame dirishani lilipigwa mstari. Vitabu vitatu vya mwanzo vya mfululizo wetu wa vijana vilipita kwenye sinki lile, na vikapendwa.

"Mimi nina mkasi tu," alikuwa akisema. "Jicho ni la yule."

Kisha binti, akiwa na miaka kumi na sita, akahamia kwa baba yake, mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Hapakuwa na ugomvi. Alikunja nguo zake, akasema anataka kukaa huko, akaenda. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa tangu aondoke. Kila Jumapili Fundi alimpigia simu, akampa habari za nyumba, za jirani, za bomba lililopasuka. Binti akaitikia "mm" na "sawa", na simu ikaisha. Jumatatu nilijua mambo yalivyokwenda kwa jinsi alivyouweka mkoba mezani.

Mswada wa kitabu cha nne ulipofika, msichana wa hadithi yetu alikuwa ameondoka kwao, anaishi kwa shangazi yake. Fundi aliusoma siku mbili bila kuinua kichwa. Siku ya tatu, Jumatano, aliandika bila mkono kusita, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake, akaipeleka karatasi moja kwa moja kwa mhariri mkuu, kijana mpole aliyemwita dada.

Kabla ya saa sita kijana alikuja nayo mkononi.

"Dada, sentensi ya mwisho hii. 'Na asubuhi moja mlango utagongwa, na mama atajua ni nani kabla hajaufungua.' Iko ukurasa gani?"

"Mwishoni huko."

"Mwishoni nimetafuta. Hakuna anayegonga."

"Tafuta vizuri, bosi. Macho yenu vijana yana haraka."

Akacheka, akavuta kiti. Wakapekua pamoja kurasa thelathini za mwisho. Niliuona mkono wa Fundi ukipungua mwendo. Hadithi ilipoisha, msichana alikuwa bado kwa shangazi, anaanika nguo. Mama yake alionekana kwenye kurasa mbili tu za kitabu kizima.

"Basi nimeota," Fundi akasema.

"Sentensi ni nzuri, ndiyo maana inaniuma. Ila tukiichapa, msomaji atautafuta huo mlango mpaka mwisho, halafu atatutukana. Na jambo jingine, dada, usikasirike. Umemwandikia mama. Atakayekinunua kitabu ni mama, sawa. Atakayekisoma ni binti."

Kijana alipoondoka, Fundi alinitazama. Nikajifanya natafuta kifutio.

Mchana akauanza mswada upya. Safari hii alitia nukta ya penseli kila mahali msichana anapozungumza. Akafika mahali, akasimama, akanisogezea ukurasa. Msichana alikuwa akimwambia shangazi: "Kule nyumbani napewa habari. Siulizwi kitu."

"Nimeisoma hii mara mbili," Fundi akasema. "Ukurasa wa sitini na moja, herufi sawa na zingine. Ikanipita."

Akaandika. Alipomaliza, akanigeukia.

"Nenda kaoshe vikombe."

"Ni visafi."

"Kaoshe hivyohivyo."

Nikasimama kwenye sinki la ofisi, nimempa mgongo, naye akanisomea: "Ana miaka kumi na saba na begi moja. Shangazi hakumuuliza kwa nini amekuja. Alimuuliza swali jingine, dogo, kisha akanyamaza. Hatimaye kuna mtu anayemsubiri ajibu..."

"Umeshusha pumzi," akanikatiza.

"Maji ni ya baridi."

"Si maji. Ni hiyo 'hatimaye'." Akaipiga mstari.

Mhariri aliipitisha bila kugusa hata mkato. Nilidhani Fundi atafunga mkoba aende. Badala yake alichukua simu, ingawa haikuwa siku yake ya kupiga.

"Mwanangu, hujambo. Leo sina habari yoyote. Nina swali." Akaichomoa penseli sikioni. "Ulikuwa unakosa nini hapa nyumbani?"

Kisha akanyamaza. Penseli aliishika kwa mikono miwili. Mara mbili nilimwona akifungua kinywa, nikajua habari za bomba na jirani zimefika kwenye ulimi. Mara mbili akakifunga.

Ndipo sauti nyembamba ikatoka upande wa pili. "Mama? Upo?"

"Nipo. Nasubiri."

Sauti ile ikaanza, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na ikaendelea. Nilivikusanya vikombe vile visafi, nikaenda kuviosha tena.