Vidonge vya Mwalimu Esperansi

Ni mimi niliyemwambia Mwalimu Esperansi aache vidonge vya hospitali. Kwa miaka kumi na miwili nilikana: mbele ya Daktari, mbele ya mume wangu, hata mbele ya Mungu, ambaye nadhani hakuwa na haja ya kunihoji.

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya dawa za Kichina, hapa Uvira, nilifika na lisansi yangu, shahada ya chuo kikuu ya biolojia, ndani ya bahasha. Daktari, Mchina aliyejifunza Kiswahili sokoni, hakuifungua. Alinipa chungu. Wagonjwa wa misuli inayolegea tuliwapa hasa huangqi, mizizi ya njano iliyokatwa vipande vyembamba. Unailoweka, unaichemsha mara mbili, unachanganya maji ya kwanza na ya pili. Sufuria ya aluminiamu ilikatazwa. Kabla ya dawa tulimpima mgonjwa: anyanyue mikono mpaka ichoke, atazame dari mpaka kope zishuke, kisha ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja.

Mwalimu Esperansi alitoka Makobola akishikiliwa na dada yake. Alihesabu mpaka kumi na moja. Daktari alimwambia, "Yangu inasaidia. Ya hospitali inashikilia. Usiache." Baada ya miezi mitatu Mwalimu alihesabu mpaka thelathini na nne, akarudi kufundisha. Nilijivuna kana kwamba mizizi ile niliiotesha mwenyewe. Siku moja, Daktari akiwa Bujumbura kuchukua mzigo, Mwalimu aliniuliza kama bado kulikuwa na haja ya vile vidonge vilivyokuwa vikimharisha. Nikamjibu, kwa sauti ya mwenye lisansi, kwamba mwili wake ulikuwa umekwisha kupata nguvu.

Wiki ya pili baada ya kuviacha hakuweza kumeza hata mate. Alilazwa, akawekewa oksijeni siku tisa. Daktari alikwenda kumwona, akarudi, akaniuliza mara moja tu nani alimshauri. Nilikuwa nikiosha chungu, nikaendelea kuosha. Mgonjwa mwenyewe alitangaza kwamba aliacha kwa kichwa chake. Mwezi uliofuata nilihamishiwa tawi la Kamanyola, na nyumbani nikasema nimepandishwa cheo.

Huko kila mgonjwa nilimwuliza kwanza habari za vidonge vyake, kwa ukali ambao wasaidizi wangu hawakuuelewa. Sasa nimestaafu, magoti yamekataa kuchuchumaa mbele ya mbabula ya makaa. Vijana wananiuliza kama mizizi ile inaponya. Nawaambia niliiona ikisaidia, na kwamba hapo ndipo nilipoanza kuwa hatari.

Jumapili nilimpigia Mwalimu Esperansi simu. Nikaungama yote bila kupumua.

"Minye najua, dada," alisema. "Si weye uliniambia? Nilikuwako."

"Mbona hukunisema?"

"Nilikusema. Daktari alipokuja kuniona hospitali, nilimwambia yote."

"Na hakunifukuza?"

"Ni yeye aliniomba niseme niliacha mwenyewe. Alisema, huyu, tukimfukuza, ataenda kuharibu fasi ingine. Tukimwacha na woga wake, hatarudia."