Mahubiri kwa Ngege

Mtakatifu msimamizi wa shule yetu hapa Homa Bay aliwahi kuwahubiria samaki, watu walipokataa kumsikiliza. Leo, sikukuu yake, nimemwigiza mimi. Nilikubali kwa sababu naogopa macho ya watu, na nilijua nitatazama ngege tu, samaki wa ziwa letu, wakiwa hai ndani ya karai. Kumbe mpishi, alipoona samaki wanono siku ya sikukuu, aliwakaanga wote! Karai likaletwa mbele ya wazazi likinukia vitunguu. Nikaanza kwa sauti ndogo, “Ndugu zangu samaki...”

Mama mmoja muuza samaki akapaza sauti, “Wachana nao, mtoto wangu! Hao wameshaiva. Hubiria sisi!”

Watu wakacheka, hata mimi. Nikainua macho, nikawahubiria wao mpaka mwisho. Nilipoyateremsha macho kwenye karai, wanafunzi wenzangu walikuwa wamebakiza miiba tu.