Alizima Usalama wa Mashine kwa Jina Langu, Halafu Akanioa

Admin, ukiweka hii tafadhali toa jina langu na la kanisa letu, kwa sababu watu wa hapa mjini Wote watanijua mara moja. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, watoto wangu ni wakubwa. Sijawahi kutoa mambo ya nyumba yangu nje, lakini hii imenikaa kifuani.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msichana tu, nimetoka kusomea kompyuta, nikaandikwa kazi kwa kiwanda kimoja cha pamba upande wa barabara ya Mombasa. Wenye kiwanda walikuwa wameleta mitambo ya kisasa. Kila mashine ilikuwa na kisanduku cha usalama: ukifungua mlango wake, kisanduku kinaizima papo hapo usije ukakatwa. Kwa ofisi yangu kulikuwa na kompyuta yenye programu waliyoita seva. Hiyo ndiyo ilichukua habari kutoka kwa visanduku na kuzipeleka kwa skrini za meneja na mafundi, waone ni mlango gani uko wazi na ni mashine gani imesimama. Lakini skrini zilikuwa za kuona tu. Hakuna mtu aliruhusiwa kukaa ofisini na kuamuru kisanduku kifanye nini. Kulinda hiyo sheria ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Aliyenifundisha ni injinia wa hapo, nitamuita Baba Mwende, kwa sababu ndiye mume wangu leo. Wakati huo tulikuwa tumechumbiana. Tuliweka hiyo seva pamoja, hata neno langu la siri la kuingia kwa seva ni yeye alinichagulia.

Msimu wa pamba ulipofika, mlango wa mashine moja ukaanza kusumbua. Umefungwa vizuri, lakini kisanduku kinasema uko wazi, mashine inasimama. Meneja alikuwa anafokea kila mtu. Siku moja nikaenda chai na wenzangu, na kabla sijamaliza kikombe nikasikia mayowe. Kijana mmoja wa Mbumbuni, nitamuita Mutisya, alikuwa amefungua ule mlango atoe pamba iliyokwama, vile walikuwa wamefundishwa. Mashine haikusimama. Ilikula vidole vya mkono wake wa kulia. Nilimkuta ameketi sakafuni, pamba yote karibu naye ni nyekundu, anaita mama yake, "Mwaitu! Mwaitu!"

Walipochunguza wakapata kisanduku kilikuwa kimeamriwa kisijali ule mlango, na amri ilitoka kwa seva, kwa jina langu. Nililia, nikaapa. Nikasema nilikuwa chai, wakaniambia ilifanywa kabla ya chai. Baba Mwende alikuwa amesimama hapo hapo. Akanishika bega akasema, "Pole, mpenzi. Labda ulibonyeza kitu bila kujua."

Nikafutwa kazi. Mama yake Mutisya alikuja hadi kwetu, akasimama langoni akamwambia baba yangu kwamba nimemaliza mtoto wake. Kanisani nikaambiwa nipumzike kwaya kwanza. Watu wa Baba Mwende walimwambia aachane na mimi, akakataa. Akanioa. Jameni, nilimshukuru Mungu kwa huyo mwanaume! Na tukikosana ndani ya nyumba alikuwa na neno moja tu: "Kumbuka nilikuchukua wakati hakuna mtu alikuwa anakutaka." Nilimwamini hadi nikaanza kufikiri labda kweli nilibonyeza kitu.

Mwezi jana yule meneja, amestaafu sasa, akaja kututembelea. Nilikuwa naweka ndengu na chapati mezani akaniambia, "Mama Mwende, wewe ni mwanamke wa maana. Si wengi wanaweza kubeba lawama ya bwana."

Nikamuuliza, "Lawama gani?"

"Ile ya kiwanda. Huyu alikuja ofisini akaniambia ni yeye alizima, lakini mmekubaliana uondoke wewe, kwa sababu yeye anasomesha wadogo zake. Nikasema huyo msichana ni wa kuoa."

Niliangalia bwanangu. Yeye aliangalia sahani. Nikauliza, "Tulikubaliana lini, Baba Mwende?" Mgeni akaacha kutafuna.

Alipoondoka nilimuuliza tena. Hakukataa. "Meneja alikuwa ananisukuma. Nilijua ni kuzima kwa muda kidogo, halafu nirudishe vile ilikuwa."

"Na mbona jina langu?"

"Wewe ulikuwa msichana, ungepata kazi ingine. Na kwani sikukuoa?"

Aliyasema hayo kama mtu anayenikumbusha zawadi. Nilitoka nje nikakaa karibu na tangi la maji. Huyu mwanaume aliniona nikitukanwa sokoni. Alinifuta machozi na mkono ule ule uliozima.

Wiki iliyofuata nilienda Mbumbuni. Mutisya ana duka la mbegu, anapima kwa mkono wa kushoto. Aliponiona akanipa mgongo, vile amefanya miaka yote. Nikaongea na huo mgongo hadi nikamaliza. Akageuka polepole.

"Mama bado yuko hai," akasema. "Akiomba anakutaja, na si kwa uzuri. Mimi sitaki pole yako. Sema hayo mbele yake, na bwanako akiwa hapo."

Sasa, Jumapili hii Baba Mwende anawekwa wakfu kuwa mzee wa kanisa. Mutisya amenipigia simu kwamba atakuja na mama yake, wakae mbele. Mwende wangu analia kwa simu, "Mum, usifanye hivyo. Baba ana presha, utamuua." Jana bwanangu alinipa shati lake jeupe nimpigie pasi, na nikalipiga, sijui kwa nini.

Wenzangu mliokaa kwa ndoa, msinitukane, nimetukanwa vya kutosha. Nielekezeni tu. Pasta akiuliza kama kuna mtu ana neno juu ya huyu ndugu, nisimame, ama nipige makofi na wengine?