Siku Niliyosinzia na Chetezo Mkononi

Waliokuwepo nawataja wote, maana aibu yangu haikukosa mashahidi. Alikuwepo mwanangu Rukia, ambaye nnaishi kwake hapa Mkunazini, na binti yake Sabra, mjukuu wangu, ndiye aliyekuwa akitazamwa kwa posa siku ile. Alikuwepo Bi Shemsa, jirani yetu, shoga yangu tangu tunasoma Kurani chuoni. Na wageni wetu wa Jambiani: Bi Zuwena, bibi yake mposaji, na Mwanakheri, mama yake kijana. Kijana mwenyewe, Makame, hakuwepo, na bora hakuwepo. Hata leo nikikumbuka hujifunika kanga usoni, na hali nimo peke yangu chumbani.

Mambo yalianza na usingizi. Tangu mume wangu Haji kufariki, usingizi ulinikimbia, nikamlalamikia Bi Shemsa, naye akanigaia vidonge alivyoandikiwa yeye. "Meza nusu, shoga, utalala kama mtoto." (Kwetu dawa huombwa kama chumvi, jirani hakunyimi.) Nusu ikawa kizima, kizima kikawa ada, nikawa navifunga kwenye pindo la kanga, na Rukia hajui.

Asubuhi ya wageni nkawa nnaogopa nisije nikamtia aibu mtoto, basi nkasema ngoja nimeze kimoja nitulie. Kimoja tu, mchana kweupe! Kisha kikaja kikohozi, nkaona wageni wasije wakanisikia nnakohoa, nkaipiga mdomoni ile dawa ya kikohozi ya chupa, kijiko sikukitafuta, na dawa yenyewe ina harufu kali ya kuchoma pua.

Wageni wakafika, Sabra akawaamkia vizuri, akaleta sambusa na jagi la juisi ya ukwaju, na mimi nikachukua chetezo kuwafukiza udi. Rukia akaninong'oneza, "Mama, nipe mimi, macho yako mazito." Nkamjibu, "Nimefukiza maharusi wewe hujazaliwa!" Nkaenda nnayumba, nkampita Bi Shemsa nkamwambia karibu Unguja (mtu kazaliwa nyumba ya pili!), nkafika kwa Bi Zuwena, nkaliinua buibui lake kidogo moshi upite, na pale pale, nimeinama, nikalala.

Chetezo kikapinduka, kaa la moto likaangukia buibui jipya la mgeni, likaanza kulitoboa. Sabra hakufikiri mara mbili, akammwagia Bi Zuwena jagi zima la ukwaju. Mimi hata kuomba radhi sikuomba, nikajilaza mapajani mwa yule bibi, nimerowa, nkamwambia, "Haji, zima taa, unifunike."

Mwanakheri akasimama, akaninusa. "Lahaula! Mama, twende zetu. Huyu bibi kalewa!"

"Bibi yangu hanywi ulevi!" Sabra akalia, kashika jagi tupu. Sauti ile niliisikia hata ndani ya usingizi, maana nilijua posa ndiyo hiyo inatoka mlangoni. Rukia akanitikisa, "Nyanyuka, Mama, nyanyuka!" na kunitikisa kule ndiko kulikofungua pindo la kanga, vidonge vikamwagika mkekani, watu wote wanaviona.

Bi Zuwena, anachuruzika ukwaju, akaokota kimoja akakigeuza geuza. Kisha akaingiza mkono chini ya buibui, akafungua pindo la kanga yake mwenyewe, akatoa vile vile.

"Mgongo wa kulima mwani hauniachi nikalala," akasema polepole. "Nami nlipewa na jirani. Juzi nlivyoanguka chooni nkakwambieni sabuni, haikuwa sabuni."

"Mama!" Mwanakheri kashika kifua.

"Kaa chini, mwanangu. Anayelewa hapa si mmoja." Akanifunika kwa ncha ya kanga yake, kama nilivyomwomba Haji.

Kesho yake Rukia akatupeleka hospitali mimi na Bi Zuwena, na Bi Shemsa akaburuzwa pia, ananung'unika, "Mimi nilikuwa nafanya wema!" Nkamwambia, "Wema wako ulitaka kumchoma mkwe." Daktari, mtoto wa kike mpole, akatuambia mwili wa uzee dawa haiuachi upesi, na kidonge cha usingizi kikikutana na dawa ya kikohozi ya kulaza hata roho hutoka, na cha mwenzio si chako. Ila akatukataza kuviacha ghafla: tupunguze kidogo kidogo, anavyotupangia yeye. Tukapunguza.

Posa ikapita, alhamdulillahi. Usingizi bado hunikimbia siku nyingine, lakini siku hizi nasema, sifichi. Sabra huja akakaa kitandani, nikamhadithia habari za babu yake mpaka yeye ndiye asinzie. Na Bi Zuwena hunipigia simu kutoka Jambiani: "Umelala?" Namjibu, "Ningelala ningekupokea?" Tunacheka wawili.

Pindoni mwangu sasa mna karafuu tu za kutafuna, na dawa ya mtu siombi tena wala sitoi, hata kwa kikohozi cha paka.

Rukia anasema juisi haikuwa ya ukwaju, ilikuwa ya embe, na Bi Shemsa anaapa kuwa kaa lilianguka kabla sijasinzia. Basi mliokuwepo, nilipokosea nisahihisheni, maana katika mashahidi wote wa siku ile, mimi ndiye niliyelala.