Nyumba Mbili Namba Kumi na Nne

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Stempu alikaa dirisha la tatu la posta, muhuri mkononi, miwani puani. Jina hilo alibandikwa na wateja, likamnasa hata mumewe, fundi saa. Siasa hakuitaka. Wagombea wakipita na vipaza sauti, alifunga dirisha akidai vumbi linaingia kwenye barua.

Kilichomng'oa kitini ni mtaa wa nyuma ya posta, uliokuwa na nyumba mbili zenye namba kumi na nne: ya mwalimu mstaafu na ya kinyozi. Siku moja dada wa mwalimu alikuja kumtembelea kaka yake, akapita posta kuuliza njia.

"Kaka yangu amebadilika," alisema. "Zamani aliandika mistari miwili kama anayejaza fomu. Mwaka huu ananiuliza hali ya magoti, ananifanya nicheke peke yangu kama mwehu."

Bi Stempu akaomba kuona barua moja. Mwandiko ule aliujua. Ndio uliokuwa kwenye kibao cha kinyozi.

Kinyozi alipoitwa hakukana. "Barua yako ya kwanza ililetwa kwangu, nikaifungua kwa bahati mbaya, dada. Ya pili niliona haya kumwacha mtu bila jibu."

Mgeni akagusa goti lake. "Basi ile dawa ya kuchua magoti ni wewe uliyenielekeza? Imenifaa."

Mwalimu alinuna wiki mbili. Bi Stempu yeye alifunga safari hadi ofisi za baraza la mkoa kudai namba mpya za nyumba.

"Hoja huletwa na mjumbe, mama," karani alimweleza.

"Wetu yuko wapi?"

"Hatujamtia machoni tangu aapishwe."

"Na mtu akitaka kuwa mjumbe?"

Karani akampa fomu akidhani ni utani. Aliijaza palepale, kwa herufi kubwa.

"Wewe unayeona haya kuomba chumvi kwa jirani," mumewe alimwambia jioni ile, "kura utaiombaje?"

"Nitaanza na unaowatengenezea saa. Hao tayari wamezoea kusubiri."

Alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu, akiulizia watoto walioandika kutoka mbali, na walioacha kuandika. Mpinzani wake alipita kwa gari, vioo juu. Bi Stempu akashinda.

Kikao cha kwanza, mjumbe mmoja alihutubia hadi watu wakasinzia. Alipomeza mate, Bi Stempu, kwa mazoea tu ya dirishani, akasema kwa sauti, "Anayefuata." Ukumbi ukaangua kicheko, na mzee wa watu akajikuta ameketi. Bi Stempu alitamani ardhi immeze, lakini tangu siku hiyo hotuba zilifupishwa.

Hoja ya namba ilichukua miaka mitatu. Hatimaye mafundi rangi walipita, kila mlango ukapata namba yake. Barua zikafika. Na ankara za maji, zilizokuwa zikipotea miaka nenda rudi, nazo zikajua njia.

Uchaguzi uliofuata alishindwa kwa kura tisa.

"Tunakupenda, Bi Stempu," jirani alimwambia bila kumtazama usoni. "Ila umetufikia mno."

Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Siku ya pili yake, kabla ya chai, alikuwa ameshachukua fomu ya uchaguzi ujao, na mumewe alikuwa akimtafutia kalamu.